Printa kuukuu: Itengenezwe au inunuliwe nyingine?

KATIKA ofisi nyingi ndogo, kuanzia vyama vya kuweka na kukopa hadi maduka ya pembejeo, printa hukumbukwa siku inapogoma. Mara nyingi ni siku ya kuamkia mkutano mkuu, wanachama wanasubiri taarifa zao, na nyingine hununuliwa kwa hasira, kwa bei yoyote ile.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kujua ugonjwa. Printa ya leza inayovuta karatasi mbili mbili, au isiyovuta kabisa, mara nyingi imechoka rola tu, kipuri cha bei ndogo. Mstari mweusi unaoshuka ukurasa mzima nao huwatisha wengi bure: katika mashine kama HP LaserJet 1020, ngoma inayobeba picha imo ndani ya katriji na hubadilishwa pamoja nayo. Wapo wanaotupa mashine nzima kwa kosa la katriji iliyojazwa wino mara nyingi mno.

Maandishi yanayofutika kwa kidole ni jambo jingine. Hapo huenda kipasha joto kinachoyeyusha unga wa wino kimechoka, na kwa printa ndogo gharama yake, pamoja na ufundi, inaweza kukaribia bei ya mashine nyingine.

Lakini hesabu kubwa ni ya ukurasa mmoja mmoja. Katriji ya 12A ya printa hiyo hukadiriwa kutoa kurasa 2,000, kwa maandishi yanayofunika asilimia 5 tu ya karatasi. Majedwali ya mahesabu hula zaidi. Chukulia katriji inauzwa Sh90,000: kila ukurasa ni Sh45, karatasi mbali. Mashine mpya ya Sh600,000 inayochapa kwa Sh20 itaiokolea ofisi ya kurasa 1,000 kwa mwezi Sh25,000, na kurudisha fedha yake kwa miezi 24. Kwa ofisi ya kurasa 100 ni miaka 20. Huyo amwite fundi.

Kisingizio cha kwamba mashine ilinunuliwa ghali hakina uzito. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kompyuta na vifaa vyake katika kundi la uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu thamani iliyobaki vitabuni haifiki robo.

Liko pia suala la kompyuta. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na ofisi inayobadili kompyuta inaweza kukuta printa yake haina programu ya kuiendesha. Jaribio la dakika chache kwa kompyuta ya kuazima, kabla ya kulipa, linatosha.