Malale: Kijidudu Kinachobadili Vazi



Familia nyingi za Ilemela zina ndugu anayekwenda porini kurina asali, kuchunga ng'ombe au kukata miti, pengine upande wa Maswa na Serengeti. Akirudi na homa tunasema ni malaria. Anapimwa, anaambiwa hana. Anakunywa dawa hivyo hivyo, na homa inarudi. Mwezi huu tungependa kueleza ugonjwa unaoweza kujificha nyuma ya homa ya namna hiyo, yaani malale.

Malale huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho huingizwa mwilini na mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita. Mwili wake mzima ni seli moja, nyembamba kama kamongo mdogo, yenye mjeledi ambao hupigapiga ili kuogelea katika damu. Katika madimbwi yetu wako jamaa zake wa mbali, yuglena, wenye rangi ya kijani, wanaojipikia chakula kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo. Tripanosoma hana rangi hiyo. Hula cha mwenzake, nacho ni sukari ya damu yetu.

Tena hula kwa ubadhirifu. Seli zetu nyingi huichoma sukari mpaka mwisho. Yeye, akiwa katika damu, huivunja kidogo tu na kutupa kilichobaki. Akiba hana, hivyo akikosa sukari hufa upesi. Kazi hiyo huifanya ndani ya vifuko vidogo viitwavyo glaikosomu, vilivyoelezwa na Opperdoes na Borst mwaka 1977. Binadamu hatuna vifuko hivyo, na ndiyo maana watafuta dawa wanavitazama sana.

Ajabu zaidi ni vazi lake. Amefunikwa na chembe za protini zipatazo milioni 10, zote za aina moja. Mwili ukishatengeneza kingamwili za kulitambua vazi hilo, vijidudu vingi hufa na homa hushuka. Lakini wachache huwa wamekwisha kuvaa jingine, maana katika urithi wao mna mitindo zaidi ya 1,000. Hao huzaana upya, homa ikapanda tena. Kwa sababu hiyo chanjo haijapatikana mpaka leo.

Ni kweli kwamba damu ya binadamu ina protini inayowapasua tripanosoma wengi wa ng'ombe. Aina ya malale iliyoko Tanzania, rodesiense, ina protini yake ya kuizuia ile yetu. Aina hiyo hukaa pia katika wanyama pori na ng'ombe, ambao huweza kuonekana wazima kabisa.

Ziwa letu lina kumbukumbu chungu. Tangu mwanzo wa karne ya 20, malale iliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda. Mwaka 1903 David Bruce, akiwa Entebbe, alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeisambaza. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa visiwani Sese kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka. Hata melasoproli, iliyokuja mwaka 1949, ina aseniki na imeua baadhi ya waliotibiwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya kumeza kwa siku 10, kwa aina ya rodesiense pia.

Dalili za mwanzo ni homa, kuumwa kichwa na viungo, na mara nyingine uvimbe mwekundu wenye maumivu pale alipoumwa. Rodesiense haisubiri: katika majuma machache huweza kufika kwenye ubongo, mgonjwa akachanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku. Asipotibiwa hufa, mara nyingi kabla ya miezi 6 kupita.

Kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kumwonyesha tripanosoma. Damu itazamwe kwa hadubini. Kwa hiyo, mama au baba unayempeleka mgonjwa zahanati, usingoje kuulizwa: sema alikuwa pori gani, lini, na kama aliumwa na mbung'o. Na anayejiandaa kwenda huko aache nyumbani nguo za buluu na nyeusi, maana rangi hizo humvuta mbung'o, naye huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.