Kwa Nini Rangi Hubanduka Kwenye Plastiki



Tumeulizwa zaidi ya mara moja swali hili. Mtu amenunua rangi ya maji, ile iitwayo akriliki, akapaka kitu cha plastiki. Siku ya kwanza kinang'aa. Wiki ya pili rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, na msimamizi anauliza ni nani aliyeharibu kazi. Je, rangi ni mbovu? Mara nyingi rangi haina kosa, na mpakaji naye hana kosa, isipokuwa hakuna aliyemweleza kwamba plastiki si ubao.

Tuchukue mfano wa Fuma. Fuma ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo, katika mlolongo mmoja na Koyama, Chovai na Chula. Wabajuni ni watu wa bahari tangu zamani. Walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, nacho kilichorwa macho kwenye omo. Vyombo vya mbao vya pwani hii hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na tumboni hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Vitu hivyo hukaa kwa sababu ubao hunywa. Ubao una vitundu vidogo, na chochote kilicho chepesi hupenya ndani, kikikauka kimekwisha kushika mizizi.

Leo mvuvi wa pwani hiyo huenda akawa na mashua ya faibaglasi, na ndani yake madumu ya plastiki ya maji na ya mafuta. Akitaka kuandika jina la mashua ubavuni kwa mazoea ya ubao, jina halifiki mwisho wa msimu wa kusi. Faibaglasi hainywi. Dumu ndilo kabisa.

Yafaa kujua akriliki ni nini. Ni punje ndogo mno za plastiki zilizotawanywa ndani ya maji pamoja na unga wa rangi. Maji yakikauka, punje husongana na kuungana zikawa ngozi moja. Ngozi hiyo haichomi wala haiyeyushi kilicho chini yake, inakaa juu tu. Rangi zenye tina kali huweza kulainisha baadhi ya plastiki kidogo na kuumana nazo. Akriliki haina meno hayo, kwa hiyo meno hapana budi tuyatengeneze sisi kwenye plastiki yenyewe.

Watu wanaolijua jambo hili sana, mtacheka, ni wale wanaounga vyombo vidogo vya mchezo: ndege, meli na magari ya plastiki yanayouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kazi hiyo mwaka 1949 kwa trekta dogo la Ferguson, trekta lile lile ambalo wazee wa mashambani walilijua kwa ukubwa wake halisi. Vipande hivyo kwa kawaida ni vya polistirini, hutoka kwenye kalibu ya chuma, na huweza kutoka na mafuta kidogo yaliyopakwa ili visigande kalibuni. Mafuta hayo hayaonekani kwa macho. Ndiyo maana mwungaji mzoefu huosha vipande kwa sabuni na maji ya vuguvugu, huvisuuza, huviacha vikauke vyenyewe, na baadaye hushika pembeni tu, maana kidole nacho kina mafuta. Kisha hupaka praima, akaiacha ikauke, ndipo aweke akriliki kwa mikono miembamba miwili au mitatu. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito huishia kubandua.

Kazi ya boksi na kazi ya mashua ni moja, tofauti ni ukubwa. Faibaglasi nayo hutoka kwenye kalibu, na kalibu yake hupakwa nta. Hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa sababu mafundi wengi hukosea utaratibu. Kwanza futa nta, kwa kitambaa safi chenye dawa ya kuondoa nta au tina, ukigeuza kitambaa kila mara. Halafu ndipo piga msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo yote uliyoifanya, na hapo hata praima ya bei kubwa itakataa. Baada ya kufuta, tumia msasa wa maji, namba 220 hadi 400, mpaka mng'ao wote upotee. Pale palipobaki panang'aa ndipo rangi itakapoanzia kubanduka. Osha vumbi na chumvi kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kausha, paka praima ya faibaglasi, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha rangi. Na akriliki ya kawaida ni ya juu ya mstari wa maji. Chini ya mstari ina rangi yake nyingine.

Muda wa kusubiri ndio wenye ugomvi kazini. Kopo likisema saa nne, ni saa nne, na penye unyevu wa pwani ni zaidi, kwani maji ya akriliki hayana pa kwenda hewa ikiwa imejaa maji. Msimamizi anayeamuru mkono wa pili upakwe baada ya nusu saa ameagiza rangi ibanduke. Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa amri hiyo. Tunashauri kamati ya tawi iandike saa ya kila mkono kwenye daftari, na kopo tupu litunzwe pamoja na maelezo yake mpaka kazi ipokelewe.

Kuhusu afya tutasema kwa ufupi. Vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na huingia mapafuni. Msasa wa maji hulipunguza, na barakoa ya vumbi inahitajika. Mvuke wa tina haukamatwi na barakoa hiyo ya karatasi. Unahitaji chujio la mvuke, na zaidi ya yote unahitaji milango wazi. Kupaka tina ndani ya stoo iliyofungwa ni jambo la kukataliwa, na moto usiwepo karibu.

Sasa dumu. Madumu mengi ni ya poliethilini, na chini yake mara nyingi utaona namba 2 ndani ya pembetatu. Vifuniko vingi na makreti mengine ni ya polipropilini, namba 5. Plastiki hizi mbili zinakataa rangi kwa asili yake. Juu yake hamna kitu ambacho rangi inaweza kukishika. Dondoshea tone la maji, litasimama kama ushanga badala ya kutandaa. Msasa husaidia kidogo tu. Viwandani, kabla ya kuchapa maandishi juu yake, huipitisha plastiki kwenye mwale wa moto kwa nukta chache au huipiga kwa umeme, ili sura yake ibadilike na kushika wino. Mtu asijaribu hilo kwa bomba la moto kwenye karakana, hasa kwa dumu lililowahi kubeba tina au petroli, kwa maana mvuke uliobaki hulipuka. Ipo praima maalumu ya plastiki hizi, lakini hata nayo, kitu kinachokunjwa, kugongwa na kuburutwa kila siku hakitadumu na rangi.

Mafundi wa Lamu walilipita tatizo hili kwa njia ya busara. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, liliingia majini mwaka 2018 na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500. Mavazi yake ya rangi nyingi ni vipande vya ndara kuukuu za mpira. Rangi imo ndani ya mpira wenyewe, haina pa kubandukia.

Ukitaka kujua kama kazi yako imeshika, usikune kwa kucha. Subiri siku saba, chagua mahali pasipoonekana, chora kwa wembe mistari sita kwenda na sita kukata, bandika selotepu, ikandamize, kisha ivute kwa haraka. Vikitoka vijisanduku vichache vya pembeni, inatosha. Vikitoka vingi, rudi mwanzo.

Lakini kipimo hicho kisitumike kuhalalisha jambo moja. Katika mashamba, dumu la dawa ya wadudu hupunguzwa, kibandiko chake huchakaa, na mtu huandikwa kazi ya kulichora neno SUMU kwa brashi. Neno hilo limepakwa juu ya poliethilini. Litabanduka, dumu litabaki jeupe na zuri, na nyumba isiyo na bomba itaona chombo cha kuchotea maji. Alama ya sumu kwenye dumu ichongwe au ichomwe ndani ya plastiki kiwandani, au ifungwe kibao kwa waya. Dumu likiisha, lisioshwe kwa ajili ya nyumbani, hata kwa sabuni mara kumi. Litiwe maji robo yake, litikiswe, maji hayo yamiminwe ndani ya tangi la kunyunyizia, hivyo mara tatu. Kisha litobolewe chini na ubavuni, na lifungiwe stoo mpaka lichukuliwe.