Fahamu: Uzamili wa maendeleo endelevu una kazi gani Bujumbura?

Ni masomo gani? Katika mfumo wa BMD (shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu) unaofuatwa Burundi, uzamili huchukua miaka 2 baada ya shahada ya kwanza. Fani hii huunganisha uchumi, mazingira na sera.

Kwa nini yanahitajika? Tangu 2020, maji ya Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi yamefurika mara kadhaa katika eneo la Gatumba, karibu na Bujumbura, na kuhamisha maelfu ya watu. Nani ajenge wapi, na wahame vipi? Mhandisi peke yake hamalizi swali hilo.

Je, unaweza kusoma nchi jirani? Inawezekana: mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijitangaza eneo moja la elimu ya juu. Jiandae kwa lugha: vyuo vya Bujumbura hufundisha hasa kwa Kifaransa, vya Dar es Salaam kwa Kiingereza.