Mbwa Anaweza Kumzoea Kuku, Ila Si kwa Fimbo

Tunaosubiri bumu tunajua nani hutuvusha likichelewa: kuku wa mama. Nyumbani kwetu Morogoro, jogoo mmoja akiuzwa nauli imepatikana, na hela ya kula siku kadhaa. Kwa hiyo mbwa wetu Simba alipoua tetea wa tatu, mjadala ulikuwa mfupi: auawe. Nikaomba likizo moja nimfundishe.

Jirani alishauri dawa ya wazee: mfunge mbwa mzoga wa kuku shingoni, kisha mchape. Jamani, sisi wa ualimu tumeshakutana na Thorndike. Mwaka 1898 alieleza majaribio yake ya paka waliofungiwa ndani ya masanduku: tendo linaloleta matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. Sasa angalia upande wa mbwa. Kumkimbiza kuku kwenyewe ni raha, hahitaji hata kumla. Fimbo inakuja dakika kumi baadaye, naye haunganishi. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na kukimbiza usipokuwepo.

Kazi ya kwanza, basi, ni kumnyima hiyo raha. Kila kuku walipokuwa nje, Simba alikuwa kwenye kamba. Asubuhi na jioni, dakika tano tu, nilisimama naye mbali kiasi kwamba anawaona kuku lakini bado anasikia jina lake. Akiwatazama kisha akanigeukia, dagaa mmoja, papo hapo. Ukichelewa hata kidogo unakuwa umelipia tendo jingine. Akikaza mwili, masikio mbele, macho hayabanduki kwa kuku, ujue umesogea karibu mno: rudi nyuma. (Mama alisikitikia dagaa wake kuliko kuku.)

Tulisogea hatua chache kila wiki. Wiki ya tano alijilaza kivulini huku kuku wanachakura mbele yake.

Vifaranga ni somo jingine. Wanalia na kutimka ovyo, na hilo huamsha hata mbwa mpole, kwa hiyo wanabaki ndani ya banda la wavu. Halafu mbwa hawafanani. Wapo wenye hamu kubwa ya kuwinda. Hao jenga uzio tu, usishindane nao. Simba mwenyewe, pamoja na upole wake wa sasa, haachwi na kuku bila mtu. Mama akienda sokoni, kamba inarudi shingoni.