Pora wa Uani: Ukoo na Alama

Mnunuzi huambiwa sokoni, "Pora huyu ni kuchi," naye hulipa kwa bei ya kuchi. Je, yaweza kujulikana mapema hivyo?

Kuku wa uani huzaliana ovyo. Kwa hiyo yaonekanayo kwa kifaranga ni alama za wazazi, si aina. Lugha yetu imelipambanua jambo hili vizuri kuliko wauzaji. Kuchi ni jina la ukoo: kuku mzito, mrefu wa shingo na miguu, ambaye jogoo wake hupiganishwa. Bali kishingo na kidimu ni majina ya alama tu. Kishingo hujulikana siku ile ile ya kuanguliwa, kwa kuwa shingo yake ni tupu. Na akiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, aghalabu ameirithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu. Kidimu, mwenye manyoya yaliyopindika, hatambulikani mpaka manyoya yenyewe yaote.

Rangi ni shahidi mwongo. Upanga ni afadhali, ingawa nao wadanganya: mwaka 1902 William Bateson wa Uingereza alionyesha kwamba umbo la upanga hurithiwa kwa kanuni za Mendel, basi upanga wa babu mgeni waweza kutokea juu ya kichwa cha kuku mdogo wa kienyeji.

Kimo na uzito havitoi ushahidi kamili mpaka pora awe jogoo. Atakaye kuchi kabla ya hapo, na aombe kuonyeshwa koo na jogoo waliomzaa.