MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: SAMAKI WA ZIWA VICTORIA NA SOKO LA ULAYA

Ifahamike kwa watumishi wa Serikali na wakazi wote wa visiwa na mwambao wa Mwanza kwamba minofu ya sangara itokayo nchini huingia katika soko la Umoja wa Ulaya bila kutozwa ushuru wa forodha. Yafaa mwananchi aelewe nafuu hiyo imetoka wapi, na ni jambo gani laweza kuipoteza.

Chanzo chake ni Mkataba wa Lome wa mwaka 1975, uliotiwa saini kati ya Jumuiya ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, Tanzania ikiwamo. Mkataba huo ulifuatiwa na ule wa Cotonou wa mwaka 2000. Tangu mwaka 2001, nchi zilizo nyuma kimaendeleo zimeruhusiwa kuuza Ulaya bidhaa zote isipokuwa silaha, bila ushuru. Tanzania hunufaika kwa utaratibu huo.

Izingatiwe kuwa utaratibu huo si mkataba. Mkataba hufunga pande mbili. Huu ni upendeleo utolewao na upande mmoja. Nchi ikiondolewa katika orodha ya nchi hizo, hupewa muda wa mpito wa miaka 3, kisha upendeleo hukoma.

Kwa upande wa mkataba, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijadiliana na Ulaya juu ya ubia wa kiuchumi. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 1, 2016. Tanzania haikutia saini, na mwezi Novemba mwaka huo Bunge lilishauri hivyo hivyo, kwa kuhofia viwanda vichanga na mapato ya forodha, maana soko letu nalo lingefunguliwa hatua kwa hatua kwa bidhaa za Ulaya. Kenya, isiyokuwamo katika orodha iliyotajwa, baadaye iliingia mkataba wake yenyewe, ulioanza kutumika Julai 1, 2024.

Hata hivyo, kusamehewa ushuru hakutoshi. Mwaka 1998 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili kwa hoja ya kipindupindu, na mwaka 1999 ikazuia tena kwa hoja ya sumu iliyotumika kuvulia. Nyakati zote mbili msamaha wa ushuru ulikuwapo, lakini samaki hawakupita. Viwanda vilipunguza kazi, bei mwaloni ikaanguka, na mvuvi asiyepata kuiona Ulaya akaumia kwanza. Soko lilifunguliwa tena baada ya ukaguzi kuimarishwa viwandani, mialoni na katika maabara.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Samaki watiwe barafu mara wavuliwapo, wala wasiburutwe juu ya mchanga.

2. Mialo iwe na maji safi na vyoo, navyo vitumike.

3. Sangara asiyefikia sentimita 50 asivuliwe wala kununuliwa.

4. Atumiaye sumu atolewe taarifa kwa Afisa Uvuvi au Kikundi cha Ulinzi wa Rasilimali za Uvuvi kilicho karibu.

Mikataba huzungumzwa mbali na ziwa, lakini usafi wa samaki huanzia mtumbwini. Kila mmoja wetu, kuanzia Nansio hadi Kirumba, anao wajibu wa kulilinda soko hili.