Mzazi Aliyepasuliwa na Haki Zake Nyumbani

Hapana khabari ipokelewayo nyumbani kwa furaha kama khabari ya kuzaliwa mtoto. Wanawake hupiga vigelegele, baba huulizwa jina, na jirani huleta kuku wa mchuzi wa mzazi. Lakini ikisemwa kwamba mama amepasuliwa, mara furaha ile huingia maneno. Mmoja husema, "Masikini, hakuweza kuzaa." Mwingine husema kwamba wasichana wa siku hizi wanaogopa uchungu. Na mama mwenyewe, pale kitandani pake, huyasikia yote, akaona haya kwa jambo ambalo lapasa kushukuriwa. Maneno haya twayasikia mara nyingi, na madhara yake twayaona. Basi tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu, wake kwa waume, juu ya uzazi wa kupasuliwa uliopangwa tangu mbele: namna ya kujitayarisha, na namna ya kumwuguza mama hata apone.

Twaanza kwa kusema wazi: aliyepasuliwa amezaa. Amechukua mimba miezi ile ile, amekosa usingizi kama wenziwe, na mwisho amekubali kulala chini ya kisu ili mwanawe atoke salama. Anauguza mambo mawili kwa wakati mmoja, uzazi na jeraha. Kwa hiyo haki zake juu ya watu wa nyumbani ni mara mbili, wala si nusu.

Daktari hapangi jambo hili kwa kupenda tu. Huenda kondo la nyuma limekaa chini likaziba mlango wa uzazi, na mtoto hawezi kupita pasipo mama kutokwa na damu ya kumwua. Huenda mtoto amelala kikingama tumboni, au mama amekwisha pasuliwa mara kadhaa hapo kabla. Wala hatusemi kwamba kila mja mzito akimbilie kisu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba nchi inapopita kiasi cha wazazi 10 waliopasuliwa katika kila 100, kuzidisha upasuaji hakuonekani kupunguza vifo. Penye sababu, kisu ni rehema. Pasipo sababu, kuzaa kwa kawaida ndiko bora.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, katika nchi ambayo sasa ni Uganda, akamwona mganga wa huko akimpasua mja mzito. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili asihisi maumivu, na kwa pombe hiyo hiyo mganga akaosha mikono yake na tumbo la mama. Akapasua, akamtoa mtoto hai, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akalifunga jeraha kwa vyuma vyembamba saba na kamba za gome la mti. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884, akaeleza kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Zama hizo huko Ulaya wengi waliopasuliwa walikuwa wakifa, na ni mwaka 1882 tu Max Sänger wa Leipzig alipoeleza namna bora ya kuushona mji wa mimba. Utabibu, basi, si mali ya kabila moja.

Faida ya uzazi uliopangwa ni kwamba pana nafasi ya kujitayarisha. Mara nyingi siku huwekwa katika juma la 39 la mimba, ila pakiwa na sababu ya kutangulia. Kwani mtoto atolewaye mapema mno huenda mapafu yake hayajakomaa, akataabika kuvuta pumzi. Baba asiombe siku iharakishwe kwa ajili ya safari yake au arusi ya nduguye.

Kabla ya siku hiyo yafaa watu wa nyumbani watimize mambo manne. La kwanza ni idhini. Mume na mke wazungumze na daktari pamoja, waifahamu sababu, wakubaliane mapema. Saini ni ya mama, kwani mwili ni wake. Lakini twajua kwamba katika nyumba nyingi mke hasemi neno mpaka mume apatikane, na mume hasemi neno mpaka mjomba aulizwe. Damu ikianza kumwagika, haimngoji mjomba. La pili ni damu yenyewe: wapatikane ndugu walio tayari kuitoa. La tatu ni fedha, na gari la kumpeleka hospitali hata usiku, na mtu wa kukaa na watoto. Kwani uchungu huweza kumshika kabla ya siku iliyowekwa, na hapo sharti aende mara moja. La nne ni kumweleza daktari kila kitu: pumu, sukari, shinikizo la damu, dawa zinazomdhuru, na hata dawa za miti shamba anazokunywa kwa siri. Akipenda kuhudumiwa na wanawake, aseme mapema. Wakiwapo atapewa, na wasipokuwapo, sheria yetu haikumtaka mtu afe kwa kuona haya.

Siku ya kupasuliwa mama huenda na njaa. Kwa kawaida huambiwa asile chakula kwa muda wa saa 6 au zaidi, na maji pia huzuiliwa muda fulani kabla. Hapo shangazi asimpe uji kwa kumwonea huruma, kwani chakula kikirudi kooni wakati wa operesheni huweza kuingia mapafuni. Aoge vyema, avue bangili na pete, wala asijinyoe tumbo kwa wembe, maana mikwaruzo midogo huingiza uchafu. Na piko kwenye kucha liachwe mpaka arobaini: chombo kibanwacho kidoleni cha kupimia hewa iliyomo damuni huenda kisisome sawasawa penye weusi ule.

Wengi huogopa kwamba watalala wasiamke. Wajue kwamba mara nyingi hupigwa sindano ya ganzi mgongoni. Mama huwa macho, ila toka chini ya kifua hahisi maumivu, japokuwa aweza kuhisi kuvutwavutwa. Hupasuliwa chini ya tumbo, na mtoto hutoka kwa dakika chache tu. Kushona ndiko kuchukuako muda, na kazi yote kwa kawaida humalizika kwa kiasi cha saa moja au pungufu. Mama huisikia sauti ya mwanawe ya kwanza, naye baba humwadhinia mtoto akishakabidhiwa.

Baada ya hapo hukaa hospitali siku chache. Mpira wa mkojo hutolewa, kwa kawaida siku ya pili yake, na wauguzi humwambia ainuke atembee. Wapo mama wakwe wanaoona huo ni ukatili. La! Kutembea polepole huzuia damu kuganda katika mishipa ya miguu, na damu hiyo iliyoganda ikipanda mapafuni huua. Akitaka kukohoa au kuinuka, aubane mto juu ya jeraha. Mtoto anyonyeshwe mapema, ndani ya saa ya kwanza iwezekanapo, apate yale maziwa ya kwanza mazito. Na mama aweza kumshika ubavuni, chini ya kwapa, asimlalie kidondani.

Shida kubwa huanza akirudi nyumbani. Twamjua jirani mmoja aliyerudi siku ya nne. Siku ya saba ilikuwa ya akika. Nyumba imejaa wageni, naye akainuka kuteka maji, akabeba ndoo, kwa kuwa hapana aliyemzuia. Wiki ile ile akarudishwa hospitali, jeraha limefunguka na kutunga usaha. Mwenyezi Mungu alimsalimisha, lakini maziwa yake yalipungua na mumewe akaingia deni. Akika ni sunna, lakini haikuandikwa kwamba ipikwe na mzazi.

Kwa muda wa kiasi cha wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Desturi zetu za arobaini ni njema, kwani zimempa mzazi mapumziko. Ila zipo ambazo hazimfai aliyepasuliwa. Asikandwe tumbo kwa maji ya moto, asikazwe mkaja juu ya jeraha, wala asipakwe majivu au majani kidondani. Jeraha lataka kuwa safi na kavu, hayo tu. Uji wa pilipili manga, mchuzi, samaki, mboga na matunda ale atakavyo, na maji anywe kwa wingi. Dawa ya maumivu aliyopewa na daktari ainywe kwa wakati wake. Kuvumilia maumivu bure hakumwongezei cheo.

Arudishwe hospitali bila kungoja asubuhi akiona moja katika haya: homa, usaha au harufu mbaya katika jeraha, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kumbana, au kichwa kuuma mno na macho kufanya ukungu. Na ikiwa analia kila siku, hataki kula wala kumtazama mtoto, asisemwe kwamba ni mvivu. Huo nao ni ugonjwa, na una matibabu.

Katika ibada zake, damu ya uzazi imtokayo ni nifasi kama ya wenziwe. Ikikatika kabla ya siku arobaini, asingoje arobaini: aoge josho na aanze kusali, na akishindwa kusimama asali kwa kukaa. Maji yakilidhuru jeraha, amwulize mwanachuoni juu ya kufuta juu ya bandeji na kutayamamu. Saumu iliyompita atailipa akipata nguvu.

Neno la mwisho ni kwa waume. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba baada ya kuzaa zipite kiasi cha miezi 24 kabla ya mimba nyingine, na kwa aliyepasuliwa jambo hili lina uzito zaidi, kwani kovu la mji wa mimba lataka muda likaze. Akipata mimba tena, kliniki iambiwe tangu mwanzo kwamba ana kovu. Wengine huweza kuzaa kwa kawaida baadaye, lakini iwe hospitali, mbele ya daktari, si nyumbani.

Basi tukiambiwa kwamba fulani amepasuliwa, tusiulize kwa nini hakuweza. Tumpongeze kwa kuzaa, kisha tuichukue ile ndoo mkononi mwake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awasalimishe waja wazito wetu wote, awaponye waliopasuliwa, na awajaalie watoto wao wawe wema kwa mama zao. Amin.